Mzazi anayeumwa kichwa aulizwe: ukilala kinapungua au kinazidi?

Mhariri,

Makala yenu ya ukurasa wa afya kuhusu maumivu ya kichwa kwa mama aliyetoka kujifungua imezunguka sana kwenye simu za watu. Hata kazini kwetu ilisomwa kwa sauti wakati wa mapumziko. Sina ugomvi na sehemu kubwa ya makala hiyo. Ni kweli usingizi wa kukatikakatika huumiza kichwa. Ni kweli mwenye kipandauso cha tangu usichana hukiona kikirudi mtoto akishazaliwa. Na ni kweli wengi wanaolalamika hawana jambo kubwa. Ugomvi wangu uko kwenye aya ya mwisho, iliyomwambia mzazi ameze dawa ya maumivu, anywe maji, alale vizuri, na kama bado anaumwa aseme siku ya kliniki ya wiki ya sita. Wapo akina mama ambao kulala ndiko kunakowazidishia maumivu, kwa kuwa damu imeganda kwenye mishipa inayotoa damu kwenye ubongo, na kwao wiki sita ni mbali mno.

Mimi ni mteknolojia wa mionzi. Naendesha mashine za kupiga picha za ndani ya mwili: ya CT, inayotumia mionzi, na siku nyingine ya MRI, inayotumia sumaku. Sitibu mtu wala siandiki dawa, na picha ninazopiga husomwa na daktari wa radiolojia, si mimi. Lakini kazi hii ina upendeleo mmoja: kila anayeingia chumbani kwangu lazima alale chali, kichwa kikae kwenye kishikio, asitikisike. Daktari wa zamu humwona mgonjwa akiwa ameketi kwenye kiti. Mimi ndiye ninayemwona akilala.

Kuna mama mmoja aliletwa akiwa na kichanga. Alijifungua kwa njia ya kawaida, presha yake nzuri, hana homa. Fomu ilikuwa na maneno mawili: "Kichwa. Mzazi." Alitembea mwenyewe kutoka mlangoni, akaketi pembeni ya kitanda cha mashine, akanijibu vizuri kila nilichomuuliza. Nilipomsaidia kulala, kabla hata sijafunga mkanda wa paji la uso, akanishika mkono: "Dada, niinue. Nikilala hivi kichwa kinataka kupasuka." Nikamwinua. Akapumua, uso ukalegea. Nikamuuliza nyumbani analalaje. Akasema halali; anaegemea ukuta kwa mito usiku kucha. Mama yake mzazi, aliyekuwa mlangoni amempakata mtoto, akadakia kwamba wao walidhani anakesha kwa ajili ya kunyonyesha.

Hilo la kuegemea ukuta halikuandikwa kwenye fomu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Ukitaja damu kuganda kichwani, karibu kila mtu anafikiria kiharusi cha kawaida: mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo umeziba, mtu kaanguka, mdomo umepinda. Hii ni habari nyingine. Damu ikishapita kwenye ubongo hukusanywa na vena, yaani mishipa ya kuirudisha damu kwenye moyo, nazo huimwaga kwenye mifereji mipana iliyo ndani ya utando mgumu unaoufunika ubongo. Mfereji mmoja hupita chini ya utosi kutoka mbele hadi kisogoni. Huko njia inagawanyika kulia na kushoto, inapita nyuma ya masikio na kushuka shingoni. Damu ikiganda humo, njia ya kutokea imefungwa na ya kuingilia iko wazi. Ni kama mtaro ulioziba huku mvua bado inanyesha: maji hurudi uani. Hata yale maji ya uti wa mgongo yanayouzunguka ubongo, ambayo nayo hutokea kwenye mifereji hiyo hiyo, hukosa pa kwenda. Presha ndani ya fuvu hupanda, mara nyingi taratibu, kwa siku kadhaa au hata wiki. Ndiyo maana mtu akilala, akikohoa, akiinama au akijikamua chooni, kichwa kinazidi. Ndiyo maana huona ukungu, au vitu viwili viwili, au hutapika bila tumbo kuwa na shida. Hali ikiendelea, sehemu ya ubongo iliyokosa pa kutolea damu huvimba, pengine huvuja damu, na hapo huja kifafa, mkono kulegea, maneno kupotea, au mama kuanza kusema yasiyoeleweka.

Takriban 9 kati ya 10 wenye ugonjwa huu huumwa kichwa, na karibu 4 kati ya 10 hupata kifafa. Wapo ambao kichwa ndiyo dalili pekee, na hao ndio ninaowaandikia, kwa sababu wao ndio wanaoambiwa wamechoka.

Mwili wa mjamzito hujiandaa mapema kwa damu itakayotoka siku ya kujifungua. Fibrinojeni na vigandishi vingine hupanda. Protini S, ambayo kazi yake ni kuzuia damu isigande ovyo, hushuka. Bila maandalizi hayo wanawake wengi wangekufa kwa kutokwa damu. Ila damu iliyo tayari kuganda haichagui mahali. Ongeza hapo uchungu mrefu uliomkausha mama maji, upungufu wa damu, upasuaji, presha ya mimba, maambukizi ya kizazi au hata ya sikio, au ukoo ambao damu yao huganda upesi. Hatari hupanda miezi mitatu ya mwisho ya mimba, hufika kilele wiki za mwanzo baada ya kujifungua, na wala haikatiki ghafla siku ya 42; mabaki yake hufika hadi wiki ya 12. Sisemi ni ugonjwa wa kila nyumba. Hesabu moja ya Marekani ilipata wastani wa wagonjwa 12 hivi katika kila uzazi 100,000. Wala haukuletwa na mashine zetu za kisasa, maana daktari John Abercrombie wa Edinburgh aliandika mwaka 1828 habari za mwanamke wa miaka 24 aliyepatwa nao baada ya kujifungua.

Kinachowapoteza wengi ni sindano ya ganzi ya mgongoni. Mama aliyefanyiwa upasuaji akisema kichwa kinauma, jibu liko tayari mdomoni mwa kila mtu wodini: "Ni ile sindano." Na mara nyingi ni kweli ile sindano. Tundu lake likivujisha maji ya uti wa mgongo, kichwa kinaweza kuuma. Lakini kichwa cha sindano kina tabia yake: ukiketi au kusimama kinakukamata, ukilala kinakuachia, na kwa kawaida huanza ndani ya siku tano za kwanza. Cha mfereji ulioziba mara nyingi huwa kinyume chake. Ubaya ni kwamba kuvuja huko kwenyewe kunaweza kuwa chanzo cha damu kuganda kwenye vena za ubongo. Mama anaanza na kichwa cha sindano, kinachotulia akilala. Siku zinapita, kinaacha kutulia, kinakuwa cha saa zote, usiku na mchana. Kichwa kikibadilika tabia namna hiyo, jibu la sindano limekwisha muda wake, na mama achunguzwe upya kana kwamba ndiyo kwanza ameingia mlangoni.

Kuna na suala la kifafa cha mimba. Mjamzito au mzazi akianguka kifafa, wauguzi wa leba hutibu kwanza kifafa cha mimba na kumpa magnesiamu salfeti bila kungoja picha yoyote. Wako sahihi, na sitaki mtu asome barua hii akalegeza hilo. Ninachosema ni kwamba ikiwa presha yake ni ya kawaida na mkojo hauna protini, au kifafa kimeanzia mkono mmoja, au fahamu hazirudi kama ilivyotarajiwa, basi aletwe apigwe picha. Na yule ambaye jamaa zake wanasema amechanganyikiwa baada ya uzazi, waulizwe kama kabla ya kuchanganyikiwa alikuwa akilalamika kichwa. Majibu yao wakati mwingine yanashangaza.

Sasa nije kwenye jambo la chumbani kwangu, ambalo hasa ndilo lililonikalisha niandike. Makala yenu ilisema, kwa kuwatia watu moyo, kwamba mwenye wasiwasi akipigwa CT ya kichwa na ikatoka safi, basi atulie. Hapana. CT ya kawaida, isiyo na dawa ya kung'arisha mishipa, huonyesha dalili kwa takriban 3 tu kati ya 10 wenye ugonjwa huu. Waliobaki picha zao hutoka safi, au na kitu kidogo kisicho na maana ya moja kwa moja. Majibu yanaandikwa "hakuna kasoro," na karatasi hiyo inakuwa kibali cha kumrudisha mama nyumbani. Tena yeye mwenyewe huitunza kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya mtoto, akamwonyesha daktari wa pili na wa tatu, na kila mmoja akaamini kwamba kichwa kilishaangaliwa. Ubongo uliangaliwa. Vena hazikuangaliwa, kwa sababu hakuna aliyeziomba.

Vena ni lazima ziombwe. Kwa CT, naweka kanula mkononi, dawa inasukumwa na mashine, halafu nasubiri. Nikipiga mapema napata ateri, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo. Vena zinataka sekunde 45 hivi. Nisipoambiwa kwamba kinachotafutwa ni vena, sina sababu ya kusubiri sekunde hizo. Mfereji usioziba hung'aa wote. Wenye donge, ukiutazama pale kisogoni, hutoa pembetatu yenye kingo nyeupe na katikati nyeusi: dawa imepita pembeni, imeshindwa kuingia ndani. Kwa yule mama wa kuegemea ukuta, hata kabla ya dawa palikuwa peupe kuliko inavyopaswa, mstari mnene pale nyuma. Nilimpigia simu daktari wa radiolojia mama akiwa bado hajashuka kitandani, akaniambia niendelee na dawa. Alivumilia kulala mara ya pili, macho kayafumba, mama yake akimsemesha kutoka nyuma ya kioo ingawa hakuwa akisikika. Pembetatu ikatokea wazi. Alianza matibabu siku hiyo hiyo.

Nikiri kwamba picha hizi zina mitego. Mfereji wa upande mmoja, mara nyingi wa kushoto, huwa mwembamba kwa kuzaliwa, na asiyezoea anaweza kuuita umeziba. Ndiyo maana nasema zisomwe na mwenye ujuzi. Wala kile kipimo cha damu cha kutafuta mabaki ya damu iliyoganda hakisaidii sana hapa, maana kwa wajawazito na wazazi hupanda chenyewe tu.

Wajawazito ndio wanaonyimwa picha zaidi, kwa kuogopewa mionzi. Nimeona fomu imepigwa mstari mwekundu, kando yake imeandikwa "mimba." Kwenye CT ya kichwa, mtoto aliye tumboni hupata mionzi isiyozidi sehemu moja ya mia ya miligrei, kipimo cha mionzi inayoingia mwilini; kiwango kinachoanza kuwatia wataalamu hofu ni miligrei 50. Palipo na MRI ni bora zaidi, kwa kuwa haina mionzi kabisa, na inaweza kuzionyesha vena kwa mwendo wa damu wenyewe bila dawa yoyote kuingizwa mwilini. Na anayenyonyesha akipigwa CT ya dawa hana haja ya kukamua maziwa akayamwaga. Kinachopita kwenye maziwa ni chini ya asilimia 1 ya dawa aliyochomwa, na anaweza kunyonyesha kama kawaida. Nimewahi kumkuta mama amekataa kipimo kwa sababu mtu kamwambia mtoto ataachishwa ziwa.

Jamaa wa wagonjwa hugomba sana wakifika kwenye matibabu. Wameambiwa ubongo umevuja damu, halafu wanasikia mgonjwa wao anachomwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande! Inaonekana kama kumwaga petroli kwenye moto. Hata madaktari waligombana juu ya hilo kwa miaka. Huko Ujerumani Karl Einhäupl na wenzake walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 1991, wagonjwa 20 tu. Kati ya 10 waliopewa heparini hakuna aliyefariki. Kati ya 10 wasiopewa, 3 walifariki. Jaribio lilikatizwa kabla ya muda kwa kuwa tofauti ilikuwa bayana. Damu iliyovuja imesukumwa na msongamano wa nyuma ya donge, kwa hiyo kuacha donge likue ni kuongeza uvujaji. Kwa mjamzito hutumika sindano za aina ya enoksaparini, ya jamii ya heparini, chini ya ngozi, ambazo hazivuki kondo la nyuma kumfikia mtoto. Warfarini, kidonge cha kazi hiyo hiyo, huvuka na inaweza kumdhuru mtoto, hivyo haitumiki katika mimba, lakini anayenyonyesha anaruhusiwa. Dawa huendelea mimba yote na angalau wiki 6 baada ya kujifungua, kwa jumla isiyopungua miezi 3, mara nyingi 6. Hapo pia watu hulegea, kichwa kikiacha kuuma wanaona wamepona na sindano zinaachwa.

Wakitibiwa, wengi wanapona. Katika uchunguzi mkubwa wa wagonjwa 624 wa nchi 21, uliotolewa mwaka 2004, karibu 8 kati ya 10 walipona kabisa au walibaki na dalili ndogo tu. Kwa ugonjwa wa ubongo, hayo ni matokeo ambayo sisi wa chumba cha picha hatuyazoei.

Kwa hiyo naomba, Mhariri, aya ile irekebishwe katika toleo lijalo, na isirekebishwe kwa herufi ndogo za ukurasa wa mwisho. Wasomaji waambiwe kwamba mjamzito au mzazi mwenye kichwa kinachozidi siku hadi siku, au kinachozidi akilala, au kisichofanana na vichwa vyake vya zamani, au kilichoandamana na kutapika, kuona ukungu, ganzi ya upande mmoja au kifafa, aende hospitali siku hiyo hiyo, na akifika aseme amejifungua lini hata kama hajaulizwa. Wauguzi wa kliniki ya watoto, ambao humwona mama mtoto anapopelekwa chanjo, nao wanaweza kumuuliza mama swali moja wakati mtoto yuko kwenye mizani: unalalaje? Na madaktari wetu, ambao nawaheshimu sana, watuandikie kwenye fomu siku ngapi tangu ajifungue, kichwa kimeanza lini, akilala kinakuwaje, na kwamba wanataka vena. Mstari mmoja unatosha.

Bado kuna kile kisanduku cha chini ya makala, cha uzazi wa mpango, kilichosema vidonge "vyote" vinaweza kuanzwa mama akitoka wodini. Si vyote. Vidonge vyenye estrojeni huongeza damu kuganda. Anayenyonyesha hashauriwi kuvimeza kabla ya wiki 6, asiyenyonyesha kabla ya siku 21, na aliyewahi kuganda damu kwenye vena za ubongo hapaswi kuvirudia. Huyo ana vidonge vya projesteroni peke yake, au kitanzi cha shaba. Na akitaka mtoto mwingine hakatazwi. Aanze kliniki mapema na aseme yaliyompata, ili apangiwe sindano za kinga wakati wa mimba na wiki 6 baada ya kujifungua.

Mteknolojia wa mionzi
(Jina na anwani vimehifadhiwa)